Ngumi ya Pili

Jumatano saa nane mchana, katika dunia nzima, watu sitini na mmoja walikuwa wakicheza ile gemu, na watatu kati yao ndio walioitengeneza. Fremu aliijua idadi hiyo kwa sababu alikuwa akiichungulia kila baada ya dakika mbili, kama mtu anayefunua sufuria isiyotaka kuchemka. Akifunua, sitini na mmoja. Akifunua tena, hamsini na tisa.

Fremu si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa pale ofisini kwa sababu ya kazi yake. Sekunde moja ya gemu ya ngumi ni picha sitini zinazopita mbele ya macho, kila moja inaitwa fremu, na yeye ndiye aliyeamua ngumi ianze fremu ya ngapi, imfikie mtu fremu ya ngapi, na aliyepigwa aduwae fremu ngapi kabla hajaruhusiwa kujibu. Miaka mitatu alikuwa akihesabu vitu ambavyo hakuna anayeviona. Mama yake bado aliwaambia majirani kwamba binti yake anachora katuni, na Fremu alishachoka kubisha.

Aliyechora alikuwa Mchoraji, mama wa makamo mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Wa tatu alikuwa Mkuu: mwenye wazo, mwenye kampuni, na mwenye maneno mengi kuliko hao wawili wakijumlishwa. Walikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuchapisha kadi na mabango, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hawajahamia. Walikuwa na meza tatu, kochi moja lililobonyea katikati na runinga moja kubwa ukutani. Mbele ya runinga hiyo gemu ilizaliwa, ikalelewa, ikapigiwa makofi.

Sasa ilikuwa inakata roho. Mfadhili, ambaye siku hizi hakuwa na muda hata wa kupiga simu, alikuwa ametuma mistari miwili tu. Ijumaa saa sita mchana. Wasipofika watu mia tatu kwa wakati mmoja, tunazima seva.

Gemu ya mbio za magari ikikosa watu, aliyebaki atajiendesha peke yake mpaka achoke. Gemu ya ngumi haina huruma hiyo, inataka mtu wa upande wa pili. Unaingia, unaandikiwa "Tunakutafutia mpinzani", unasubiri dakika moja, mbili, nne, halafu unajiondokea zako, na kwa kuondoka kwako yule ajaye atasubiri nane. Fremu alishaziona gemu nzuri zikifa hivyo ndani ya mwezi mmoja, na alijua dalili.

Lakini wale wa kwanza waliondoka kwa nini? Wiki ya kwanza walikuja watu elfu tatu na mia nane. Waliisifu michoro, wakausifu muziki, kisha wakaanza kuandika malalamiko, na malalamiko yalikuwa ya aina moja. "Nabonyeza, ngumi haitoki." "Kama napigana ndani ya maji." "Nimepigwa, na sijui nimepigwaje."

"Hawajui kucheza, basi," alisema Mkuu, kwa mara ya mia. "Watu wa siku hizi wanataka kushinda bila jasho. Mbona mimi inatoka?"

Akajitupa kwenye kochi, akachukua padi ya kuchezea na kupiga ngumi mbili mfululizo, ya kushoto na ya kulia, pa-pa, safi kabisa. Mchoraji akampokonya padi, naye akapiga. Pa-pa. Wote watatu wangeweza kuzipiga ngumi hizo wakiwa wamesinzia.

Fremu hakuwa na raha. Kuhusu kazi yake alikuwa na imani moja tu, na alikuwa ameirudia mpaka wenzake wakawa wanammalizia sentensi. Mchezaji akipigwa akajua kwa nini, atasema, "Tena." Akipigwa asijue kwa nini, atazima. Watu hupigwa mara ishirini mfululizo na wakaomba ya ishirini na moja, ili mradi wanaliona kosa lao kwa macho yao. Na hapa watu elfu tatu na ushei walikuwa wamezima.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Mkuu na Mchoraji walilijua ila hawakulitaja mbele yake. Mmoja wa wapiganaji wanane wa gemu ile, yule mpana wa kifua aliyesimama amekita miguu utadhani amepandwa pale, alikuwa kaka yake.

Nanga ndilo jina alilolitumia ulingoni siku zake, kwa kuwa hasukumiki. Miaka minne iliyopita walikodi ukumbi, wakambandika vidude vyeupe mwili mzima, naye akapigana na hewa kwa siku mbili huku kompyuta zikinasa kila alivyoinama na kila alivyokunja bega. "Mdogo wangu," alisema akitweta, "nimepigana na watu wabaya, lakini huyu asiyeonekana ni mchafu kuliko wote." Miezi saba baadaye kijiko kikaanza kumponyoka mezani. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu, na kwamba ugonjwa huo unakwenda mbele tu, haurudi nyuma. Sasa alitembea kwa kushika ukuta. Mahali pekee duniani ambapo kaka yake bado alirusha ngumi, na watu asiowajua bado walimchagua yeye kati ya wanane, ni ndani ya gemu ile. Seva ikizimwa, Nanga angebaki faili ndani ya kompyuta. Hicho ndicho Fremu alichokuwa akikipigania kwa udi na uvumba.

Na kaka mwenyewe alishaacha kuicheza.

Mwanzoni, hata kabla haijatolewa kwa watu, alikuwa akiicheza kila siku nyumbani kwake, kwenye skrini ndogo. Kisha, miezi kumi na minne iliyopita, alipiga simu. "Ngumi yangu ya pili inachelewa," alisema. "Mimi sipigi hivi. Mimi ya kwanza ikigusa, ya pili iko njiani." Jumapili Fremu akaenda, akaketi kando yake, akakitazama kidole gumba chake. Aliona wazi kwamba kinabonyeza mapema. Hakuwa na shaka hata chembe, maana fremu ya kubonyeza aliijua kama anavyoijua njia ya kwao.

"Unawahi kidogo, kaka," alimwambia, kwa upole wote aliokuwa nao.

"Nawahi?"

"Mkono unaruka kabla ya wakati."

Kaka aliutazama mkono wake wa kulia muda mrefu. "Basi ni mkono," alisema, akamwomba mkewe aiweke padi juu ya kabati. Tangu siku hiyo haikushuka.

Jumatano hiyohiyo Mkuu alikuja na wazo la mwisho. "Tupige video. Tuwaombe watu warudi."

"Tuwaombe?" Mchoraji aliuliza.

"Tuwapigie magoti, kama unataka niseme ukweli. Unaona nina njia nyingine?"

Shida ni kwamba kila simu ilipoelekezwa kwenye runinga yao, picha ilijaa michirizi. Mkuu akashuka ngazi mbiombio hadi kwa mchapishaji wa chini, akaazima skrini anayopangia kadi zake. Mchoraji akaugawa waya uliotoka kwenye mashine ya gemu, picha ileile iende kote kuwili: wachezaji watazame runinga ya ukutani, simu itazame skrini ya kuazima, waliyoiegemeza juu ya kiti palepale kando. Fremu akasimama nyuma ya simu. Mchoraji akamchagua Nanga.

"Haya, piga," alisema Mkuu.

Kitini, Nanga akarusha ngumi. Kisha ukutani, Nanga akarusha ngumi.

Fremu alidhani ni uchovu. Alijifuta macho. "Rudia."

Mchoraji akarudia. Nanga wa kitini alipiga, na Nanga wa ukutani akafuata baadaye kidogo sana, kama mtu anayeitikia salamu. Mashine ilikuwa moja na waya ulikuwa mmoja.

"Hiyo ya kitini ina haraka," alisema Mkuu.

"Skrini haiwezi kuwa na haraka," Fremu alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba. "Haiwezi kuonyesha kitu ambacho hakijatokea."

Alipiga video kwa simu, akaipunguza mwendo na kuhesabu. Sita. Runinga yao ilichelewa fremu sita, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akachukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio ambayo yeye hakuwahi kuigusa tangu wahamie, akashuka mpaka upande wa picha. Palikuwa na mstari ulioandikwa "Pamba picha", na mbele yake neno "Imewashwa".

"Nani aliwasha hii?"

"Ah, mimi," alisema Mkuu. "Ile siku mfadhili alipokuja mara ya kwanza. Rangi zilikuwa zimepauka, nikaona aibu. Si inapendeza?"

Ilipendeza, ndiyo. Runinga ilikuwa inaishika kila picha, inaipaka poda, inaichana nywele, ndipo inaitoa nje. Miaka mitatu mizima Fremu alikuwa amekaa mbele ya runinga iliyomletea habari zikiwa zimechelewa, na kwa macho hayo yaliyodanganywa ndiyo aliyopangia gemu. Ngumi ya pili ina mlango wake: ya kwanza ikigusa, mlango unafunguka, ukibonyeza ngumi inatoka. Yeye aliufungua mlango pale macho yake yalipomwambia kwamba ya kwanza imegusa, nayo ilikuwa imeshagusa fremu sita nyuma. Katika nyumba za watu wengine wote, mtu aliona ngumi yake imefika, akabonyeza palepale kama inavyotakiwa, akakuta mlango umefungwa. Kitufe kikamezwa. Akapigwa yeye, wala asijue amepigwaje.

"Walibonyeza kwa wakati," Fremu alisema. "Wote. Sisi ndio tuliowafungia."

Mkuu alijiketisha kwenye kochi, akaipa runinga mgongo.

Ndipo likamjia Fremu lile jingine, likamkata maini. Jumapili ile. Kidole kile. Alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, rimoti mkononi.

"We, una nini?" Mchoraji akamwinamia.

"Hakukosea."

"Nani?"

"Kaka. Alibonyeza sawasawa. Mkono wake ulikuwa mzima, na mimi nikamwambia umeharibika." Alilia bila kujificha, na Mchoraji akamshika bega.

Alhamisi walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Wapiganaji wanane, kila mmoja na ngumi zake na mateke yake, na kila moja ya hizo na mlango wake: Fremu aliisogeza yote, mmoja baada ya mwingine, bila kula. Runinga waliigeuza ikatazama ukuta. Kufika saa saba mchana walijaribu kucheza kwenye skrini ya kuazima, wakashindwa wote watatu. Vidole vyao vilishazoea kuchelewa. Mkuu alipigwa na Mchoraji, Mchoraji akapigwa na kompyuta, akatukana mpaka mchapishaji akapanda kuuliza kulikoni.

Wakamkalisha mchapishaji kwenye kochi. Hakuwa amewahi kushika padi maishani. Alipigwa, akasema, "Ahaa, nimejiachia." Akapigwa tena. Baada ya nusu saa ngumi ya kwanza ikagusa, ya pili ikatoka nyuma yake, pa-pa, naye akaruka nusura avunje kochi.

"Tena!" alisema. Alisema hivyo mara tisa, huku wateja wake wakigonga mlango wa chini, na Fremu alikuwa akihesabu.

Saa kumi jioni waliyatuma marekebisho, pamoja na tangazo ambalo Mkuu aliliandika mwenyewe bila madoido: Kosa lilikuwa letu. Mlikuwa mnabonyeza sawasawa. Tunaomba mrudi.

Ijumaa asubuhi walikuwa sabini. Saa tatu, tisini na wanne. Saa nne na robo, mia moja na kumi na wawili, na Mkuu akaanza kutembea chumbani akijipiga kiganja kwa ngumi. Mtu mmoja aliandika, "Jamani, imekuwa gemu nyingine kabisa." Fremu aliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri.

Kisha idadi ikasimama. Anayesoma tangazo la gemu ni yule ambaye hajaondoka. Waliozima walikuwa wameshaifuta kwenye mashine zao, wameshika nyingine, na hakuna anayerudi kwenye nyumba iliyomwangukia kwa sababu ameambiwa imepigwa rangi. Fremu alijua hivyo, na bado aliwaandikia mmoja mmoja, wale wa wiki ya kwanza waliolalamika kwa majina yao. Jamaa, jaribu mara moja tu. Dada, ulikuwa sahihi. Mkuu aliwapigia simu wapwa zake, Mchoraji akampigia mume wake aliyemwacha. Saa tano na nusu, mia moja na watatu. Saa sita kasoro dakika kumi, themanini na wanane. Fremu alikuwa anabonyeza kitufe cha kuonyesha upya mpaka kidole kikauma. Aliomba Mungu kwa sauti, yeye ambaye hakuwa mtu wa sala, akiomba watu mia mbili na kumi na wawili kama mtu anayeomba maji.

Saa sita kamili mfadhili hakuchelewa hata fremu moja. Skrini iliandika "Muunganisho umekatika", na ile idadi ikawa sifuri.

Walikaa. Chini mashine ya mchapishaji iliendelea kunguruma.

"Nilitaka rangi zipendeze," alisema Mkuu. Mchoraji akaanza kukunja nyaya.

Fremu aliichomoa mashine ya ofisi, akaitia kwenye begi, akashuka ngazi. Seva imekufa, lakini watu wawili kwenye kochi moja bado wangeweza kucheza, na yeye alikuwa na neno la kumwambia mtu mmoja.

Wifi yake ndiye aliyefungua mlango. "Karibu, wifi. Yupo palepale," alisema, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri.

Kaka alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, mikono juu ya mapaja, yote miwili ikitetemeka kidogo kidogo. Fremu alipiga magoti mbele yake, akamsimulia yote bila kujitetea: runinga, ile poda ya picha, mlango wa ngumi ya pili, fremu sita.

"Kwa hiyo siku ile mkono ulikuwa mzima," alisema kaka.

"Ulikuwa mzima, kaka. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

"Mwaka na zaidi nimeukasirikia huu mkono." Alicheka kidogo, na kicheko kikamponyoka kabla hakijaisha. "Nilikuwa hata siuangalii, mdogo wangu. Nilikuwa nauficha chini ya shuka." Kisha akanyoosha kidevu, kama alivyokuwa akifanya kengele inapokaribia kulia. "Lete padi."

Wifi akaishusha juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa upande wa khanga yake. Fremu akaunganisha mashine kwenye skrini ile ndogo, akampangia vidole kaka yake kimoja kimoja. Nanga akajitokeza, mpana, amekita miguu. Kaka akatabasamu alipomwona.

Akapiga. Ngumi ya kwanza ilitoka, ikagusa. Mlango wa pili ukafunguka palepale unapotakiwa kufunguka. Fremu alijua, hakuhitaji kuuona. Akakitazama kidole gumba cha kaka yake. Kilianza safari. Kilikwenda kama mtu anayenyanyuka kwenye kiti kifupi, kikatetemeka katikati, kikaendelea. Mlango ukafungwa. Fremu alikuwa akihesabu, maana hakujua namna ya kuacha kuhesabu: kumi, kumi na tatu, kumi na saba. Kidole kikafika. Ngumi haikutoka.

Kaka akajaribu tena. Na tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Bado inachelewa," alisema.

Akamgeukia. Lilikuwa jicho lilelile la Jumapili ile, la mtu anayesubiri kuambiwa. Miezi kumi na minne iliyopita kaka alileta ukweli, naye Fremu akamwambia uongo bila kujua. Miezi ile ambayo kaka bado aliweza, alikuwa ameuficha mkono wake chini ya shuka kwa sababu ya neno la mdogo wake. Fremu alijichukia kama hajawahi kumchukia mtu.

"Ni runinga hii," alisema. "Nayo ina ugonjwa wa ile ya ofisini."

Pale mlangoni wifi yake aliinamisha kichwa.

Fremu akachukua rimoti ya kiskrini kile, ambacho hakikuwa na cha kupamba wala cha kupambua, akafungua mipangilio, akaingia hapa, akatoka pale, akaifunga. "Nitakuletea nyingine kesho. Hii haifai. Kosa si lako, kaka."

Kaka alimtazama muda mrefu, kama alivyoutazama mkono wake siku ile. Kisha akaibana padi vizuri katikati ya magoti, akakitafuta kitufe kwa kidole.

"Haya," alisema. "Tena."